Ua Lililongoja Mtama

Kulikuwa na wakati ambapo mtama haukuwa na adui ila ndege, na ndege, pamoja na kero zao zote, ukiwapigia kelele huondoka. Mtu alilima mara moja, akapalilia mara moja, akavuna hadi kifuniko cha kihenge kikagoma kukaa. Msidhani watu wa siku zile walikuwa na akili kuliko sisi. Walikuwa wameshiba tu, na mtu aliyeshiba hupata nafasi ya kupenda maua.

Basi katika nchi ya Bukindwa, nchi tambarare yenye mawe makubwa yaliyobebana, kila mwanamke alikuwa na kitalu cha maua mlangoni pake. Hakikuwa cha fahari tu. Binti akiolewa mbali, ilikuwa desturi atume nyumbani mbegu ya ua la huko alikokwenda. Mama yake aliipanda mlangoni, na ua likichanua watu wote walijua kwamba binti amekaa vizuri katika nyumba ya watu. Mama naye alikausha ua la kwanza, akalifunga katika kitambaa cheupe, akalirudisha kwa binti. Hilo ndilo lilikuwa jibu. Kabla ya ua kuchanua hapakutumwa jibu lolote, kwa maana kulikuwa na jibu gani la kutuma? Desturi nzuri kabisa. Na uzuri wake huo huo ndio uliotuponza.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja, jina lake Minza, mjane wa mtoto mmoja. Minza aliijua mimea kuliko mtu yeyote wa upande huu wa mto. Watu walimletea majani ya ajabu kutoka machungani na machimboni, naye aliyanusa, akatafuna ncha, akapapasa shina kama ni la mviringo au la pembe, kisha akasema, "Huyu ana ndugu. Hakuna mmea usio na ndugu. Mtazame shina utamjua shangazi yake." Kisha aliugeuza mmea akautazama mzizi, kwa sababu alikuwa na neno lake ambalo kila msichana wa Bukindwa alilikariri: uso wa mmea ni ua, lakini tabia yake iko mzizini.

Mtoto wake aliitwa Kabula. Mama na binti walikuwa wakienda pamoja kutafuta majani tangu Kabula akibebwa mgongoni, na alipoolewa ng'ambo ya mto, mwendo wa siku tisa, nyumba ilibaki na ukimya ambao Minza hakuweza kuuzoea. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alipika ugali wa watu wawili kwa miezi mitatu, akila nusu na kumpa jirani yake Mwashi nusu nyingine, akisingizia kwamba mkono umeteleza.

Mwaka mmoja ulipita tangu harusi. Baada ya mavuno wakaja wachukuzi wa chumvi kutoka ng'ambo, na mmoja wao, Lubango, akapiga hodi akiwa ameshika kifurushi kidogo. Kilikuwa kipande cha kaniki kilichochanwa kwenye vazi, kimefungwa kwa fundo la haraka.

"Nimepewa na mwanao, mama," alisema Lubango. "Amesema, mpe mama yangu, atajua."

"Atajua nini?"

"Hakusema zaidi. Alisema tu, mama yangu atajua."

Minza alicheka hadi machozi yakamtoka, maana alikuwa amekingoja kifurushi hicho mwaka mzima na tayari alikuwa ameshajua. Alikifungua magotini. Ndani mlikuwa na vumbi jeusi, laini kuliko ugoro, na kando yake kijishina cha mtama kilichokauka, kina mizizi yake bado. Minza alikinyanyua kile kijishina, akakitazama, akafikiri kwamba mwanawe alikosa kitu cha kujazia kifurushi kisilegee. Akakitupa jikoni motoni. Vumbi akalihifadhi kama macho yake.

Mvua zilipoanza alikichimbua kitalu kizima. Maua yake ya zamani, la njano lifungalo jioni na lile jekundu la kwenye vichuguu, aliyahamishia nyuma ya nyumba ili mgeni apate nafasi. Alichekecha udongo kwa ungo, akatia samadi ya mbuzi iliyolala, akanyunyiza lile vumbi kwa ncha za vidole, akalimwagilia asubuhi na jioni kwa kata, pole pole, lisije likasombwa. Alijenga na uzio wa miiba dhidi ya kuku.

Hakikuota kitu. Alihesabu siku kumi, akahesabu mwezi, mvua zikaisha. Mwashi, ambaye alikuwa na mdomo lakini hakuwa na roho mbaya, alipita akatazama udongo mtupu, akasema, "Mgeni siku mbili, Mama Kabula. Siku ya tatu mpe jembe. Huyu wako amelala tu!" Wakacheka wote wawili. Lakini usiombe kucheka kwa namna ile. Minza aliingia ndani akajifunga mlango mchana kweupe.

Mwaka wa pili wa kupanda alijaribu njia zote alizozijua. Sehemu moja aliitia majivu, nyingine mchanga wa mtoni. Akatia kivuli, akaondoa kivuli. Wachukuzi wa chumvi walikuja, wakauliza kama ana la kutuma. Alikuwa na nini cha kutuma? Ua halikuchanua. Kumwambia binti kwamba mbegu yake imekataa kuota ni kama kumwambia kwamba nyumbani kwao wamemhesabu kuwa maiti. Lubango alisimama mlangoni muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu. Alisema huko ng'ambo hali ilikuwa ngumu, vihenge vilikuwa vitupu, wao wenyewe hawakulala kule safari hii bali walipita pembeni. Minza alimsikia kwa sikio moja. Watu wa ng'ambo walisemwa kuwa wavivu, na mvivu husema nchi yake ina njaa. Akampa togwa, akaagana naye bila neno la kupeleka.

Wanawake wakaanza kunong'ona. Kitalu kilichokataa miaka miwili, walisema, hicho si kitalu, ni kaburi. Hawakusema mbele yake, lakini mtu huisikia sauti inayokatika anapotokea kisimani. Minza akaacha kwenda kisimani saa ya watu. Hakuwa tena akitafuna majani ya watu wala kutaja ndugu wa mmea wowote. Jioni moja, jua bado liko juu ya mawe, alipiga magoti kwenye udongo ule mkavu akauwekea viganja vyote viwili, akasema na mbegu iliyomo kama mtu anavyosema na mtoto mwenye homa.

"Usife," alisema. "Kama hukupapenda kwangu, usife tu. Lala hapo. Ngoja mwaka, ngoja miaka kumi, ngoja hata kama mimi sitakuwepo. Siku utakapomsikia mtu wa kwenu anapita, amka."

Maneno ya mama aliyekata tamaa si maneno ya kupeperushwa na upepo. Udongo uliyasikia. Mbegu zile, ndogo kuliko chembe ya unga, ziliyasikia moja moja, zikayatii kuliko mtoto yeyote alivyowahi kumtii mzazi.

Mwaka wa tatu Minza alikiacha kitalu. Hakuweza kukitazama kikiwa kitupu, basi akafukia humo punje saba za mtama, kwa kuwa mtama huota popote na hauulizi maswali. Mtama ukaota, ukafika magotini. Ndipo asubuhi moja alipokuwa akifagia, aliona kitu cha kijani chini ya shina la tatu. Shina la pembe nne, majani membamba yenye kukwaruza. Akatupa ufagio.

Hakulala vizuri tena mpaka lilipochanua, na lilipochanua lilikuwa ua ambalo Bukindwa haikuwahi kuliona: rangi ya waridi iliyokolea, kama ndani ya kinywa cha mtoto mchanga anapolia. Minza alipiga vigelegele hadi sauti ikapasuka. Wanawake wote wakaja, hata wale wa kunong'ona. Wakacheza mlangoni pake, Mwashi akiwa mbele, na Minza akalia mbele ya watu bila haya, akisema, "Mwanangu yu hai! Mwanangu amekaa vizuri!" Alilipa ua jina palepale. Aliliita Salamu. Kisha akachuma la kwanza, akalikausha, akalifunga katika kitambaa cheupe, akawapa wachukuzi wa chumvi walipopita.

Katika mashina saba ya mtama, manne hayakutoa suke. Aliyaona. Alisema ni kivuli cha upenu.

Hapa ndipo ninyi mnapotaka kumpigia kelele, najua, kila anayesikia habari hii hutaka kumpigia kelele. Ung'oe mmoja, mama! Tazama mzizi! Ni neno lake mwenyewe. Lakini nani angeng'oa afya ya mwanawe kwa mikono yake ili kuona imeshikilia wapi? Alichokijua ni hiki: ua la Kabula lilikuwa limekataa samadi, majivu na mchanga, likakubali tu ubavuni mwa mtama. Basi akasema linaupenda mtama. Na kila mwanamke aliyekuwa na binti mbali akaja kuomba chembe, ili heri ile imfikie na mwanawe, naye Minza, ambaye furaha ilikuwa imemfungua mikono, aliwagawia wote akiwafundisha: "Mweke miguuni mwa mtama. Hapo ndipo kwao." Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema, wakinyunyiza vumbi mashambani mwao.

Mwaka wa nne mvua ilikuwa njema. Liwekeni hilo moyoni: mvua ilikuwa njema. Hata hivyo mtama ulianza kunyauka udongo ukiwa bado umelowa. Ulikwama kiunoni, ukapata rangi ya njano, majani yakajikunja kama ya kiangazi, na wakati watu bado wanatazama mbingu kutafuta kosa, maua yakachomoza. Yalijaa shamba hata shamba, mpaka kwenye mawe. Mtu aliyesimama mbali angedhani ni nchi yenye heri kuliko zote. Wachungaji wa ng'ombe kutoka mbali walisimama kutazama uzuri ule, wakiwa wameshika midomo.

Mwashi alikuja kwa Minza akiwa na uso ambao Minza hakuwahi kuuona.

"Mama Kabula, kikulacho ki nguoni mwako. Mimi si mjuzi, wewe ndiye mjuzi. Twende shambani kwangu ung'oe mmoja, uutazame mzizi, utuambie."

"Siwezi."

"Watoto wangu watakula nini?"

"Mwashi, nikimng'oa nimemng'oa mwanangu. Ungekuwa wewe ungeweza?"

Mwashi aligeuka kutazama shamba lake. Angeweza kung'oa mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Lakini ua la binti wa mtu halikuguswa na mtu mwingine katika nchi ile, na tena alimpenda jirani yake. Akarudi kwake. Siku kumi na mbili wakangoja, kwa adabu. Katika siku hizo kumi na mbili maua yalinyauka, vikonyo vikakauka, vikapasuka, na vumbi jeusi likaenda na upepo kila ulikotaka.

Siku ya kumi na tatu, alasiri, mwanamke mgeni alitokea njia ya mto. Alikuwa amekonda hata mifupa ya mabega ilionekana imening'iniza nguo. Hakupiga hodi. Alifika ukingoni mwa uwanja wa nyumba, akageuka kutazama mashamba, akakaa chini pale pale vumbini. Minza alimletea maji. Mgeni alikunywa, kisha akatoa kifuani kitambaa cheupe akakiweka chini kati yao.

"Mimi ni Nyanzobe, wifi yake Kabula," alisema. "Nimetembea siku tisa kuuliza jambo moja. Mama, kwa nini ulitucheka?"

Minza hakuelewa. Alikitazama kitambaa chake mwenyewe.

"Tulikufa kwa hiki," Nyanzobe alisema, akionyesha mashamba kwa kidevu. "Kilitujia, hatukujua kinatoka wapi, kikala mtama wote. Kabula akasema, msihangaike, mama yangu anajua kila mmea chini ya jua. Akachukua mbegu zake. Akachimba na shina la mtama pamoja na mizizi, akatafuta shina zuri siku nzima, ili uone mahali vinaposhikana. Akasema ukiliona shina tu utajua, na utatuma dawa yake, au utatuma neno tu, choma, ng'oa, hameni. Neno lolote. Akangoja. Na badala ya neno tukapata ua, limefungwa kwa kitambaa cha furaha."

"Kabula yuko wapi?"

"Hukuliona lile shina, mama?"

"Nililitupa motoni. Kabula yuko wapi?"

Nyanzobe alifunika uso kwa viganja. "Tulimzika msimu wa njaa, mwaka wa pili baada ya kutuma kile kifurushi. Kila mtu akitokea njia ya kwenu alisimama. Hata alipokuwa hawezi kusimama alituambia tumwinue."

Mwaka wa pili. Minza alihesabu, kama ambavyo ninyi mnahesabu. Siku aliyocheza mlangoni pake akisema mwanangu yu hai, Kabula alikuwa ameshakuwa chini ya udongo mwaka mzima.

Hakupiga ukunga. Alisimama, akaenda kwenye kitalu cha mlangoni, akalishika ua lililokuwa limebaki chini ya mtama, akachimba kwa vidole kandokando taratibu, kwa mkono ule ule wa ujuzi uliokuwa umelala miaka mitatu, akautoa mtama na ua pamoja, akapukuta udongo. Mzizi wa ua ulikuwa mfupi, hauna nyuzi za kunywea. Ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye mzizi wa mtama ukaingia ndani yake, ukavimba pale kama kupe. Ua lile halikuwahi kunywa udongo wa mtu. Lilianza kumnywa mwenzake hata kabla halijaona jua. Kulijua lote hilo hakukumchukua muda wa kumenya karanga mbili. Binti yake alikuwa amesema kweli: mama aliona shina, akajua.

Akashuka shambani kwa Mwashi, akapiga magoti mwanzo wa mstari wa kwanza, akaanza kung'oa. Mwashi alitoka akamwona. Nyanzobe akamwambia habari yote. Mwashi hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Alipiga magoti kwenye mstari wa pili. Lakini mashina yalikuwa makavu, na kila walilolitikisa lilimwaga vumbi jipya, na maji yakimwagika hayazoleki. Njaa ya mwaka ule ilikula nusu ya Bukindwa. Ilimla mtoto wa mwisho wa Mwashi. Minza ndiye aliyemchimbia kaburi.

Aliishi miaka mitano zaidi, na hakuna msimu aliokosa kuonekana mashambani mwa watu, kwa magoti, mikono imepasuka, aking'oa. Watu wakimletea mmea wa kigeni auone aligeuza uso. Jina la Salamu halikutamkwa tena na mtu, likafa na aliyelitoa, na wengine wakaja kukiita kitu kile kiduha. Alipokufa, watu waliyaacha mashamba yale yapumzike miaka kumi mizima, wakila mizizi na mihogo, wakisema sasa udongo umesahau. Mwaka wa kumi na moja wakapanda mtama. Na chini, gizani, zile mbegu zilizoambiwa, "Ngoja hata kama mimi sitakuwepo," zikamsikia mtu wa kwao anapita. Zikaamka.

Na tangu siku hiyo kiduha hakioti peke yake popote ulipokipanda, bali hulala ardhini miaka na miaka mpaka mzizi wa mtama upite karibu nacho. Na tangu siku hiyo hakuna binti wa Bukindwa anayetuma mbegu bila mtu wa kuisemea, na huyo mtu huyarudia maneno mara tatu mbele yake kabla hajaachiwa kwenda. Kiduha hung'olewa kwa mkono kabla hakijachanua, hata kama ni cha jirani, hata kama hujaombwa. Na mwanamke anapong'oa cha kwanza cha msimu, hukigeuza akautazama mzizi, kisha huinua uso kuelekea mto akasema kwa sauti ya kusikika mbali, "Tumejua, Kabula." Halafu huinama kung'oa cha pili.